Kengele Ikilia, Mimi Hufika Nyumbani

Mshauri wetu mpendwa, sijawahi kuliandikia gazeti hili ila kulalamikia makosa ya chapa, lakini leo anayehitaji kusahihishwa ni mimi. Mimi ni mjalidi, nabandika vitabu majalada katika kiwanda cha uchapaji, mahali palipojaa karatasi na gundi, kwa hiyo mafunzo ya moto tunayapata mara kwa mara na mimi nayapenda, mtungi wa kuzimia moto naujua kama brashi yangu, najua lifti haitumiki, najua kuinama moshi ukishuka, shida yangu ni moja tu, kengele ya zoezi ikilia natoka wa kwanza, napita uwanja wa magari tunapotakiwa kukusanyika na kuhesabiwa, napita geti, na nikija kuzinduka niko sebuleni kwangu. Mara ya mwisho niliingia na brashi ya gundi mkononi. Mke wangu akaniuliza, "Umefukuzwa kazi, au umenikumbuka tu?" Tukacheka hadi chai ikapoa.

Wenzangu nao hawaniachi. "Babu, breki zako umemuuzia nani?" Nacheka nao, maana nawapenda. Lakini kicheko kilinikauka niliposikia kwamba wakati mimi nakunywa chai, binti anayesimamia usalama wa ghorofa yetu, ambaye ni kama mjukuu wangu, aliita jina langu, hakupata jibu, akarudi ndani kunitafuta hadi stoo ya karatasi. Je, kama ungekuwa moto wa kweli?

Nilikozaliwa, mshauri, nilikotoka kijana na sijarudi, watu walipangwa uwanjani wakaitwa majina, na walioitika hatukuwaona tena. Mimi sikungoja kuitwa. Miguu haijasahau. Binti huyo sijamweleza. Ijumaa watu wa zimamoto wanakuja kutazama zoezi. Niombe ruhusa siku hiyo, au nistaafu kabisa kabla sijamponza mtoto wa watu?

Babu Asiye na Breki

MSHAURI ANAJIBU

Babu, nimecheka, kisha nikakasirika. Ruhusa ya nini? Moto utakuja siku ambayo hukuomba ruhusa. Na kustaafu ni kukimbia kulekule, ila kwa barua.

Miguu iliyokuokoa siitukani, pole sana kwa uliyoyaona. Lakini binti yuko tayari kuingia kwenye moshi kwa ajili yako, nawe unaona haya kumwambia maneno mawili? Kesho asubuhi, kabla gundi haijapata moto, mweleze kama ulivyonieleza mimi. Akilia, mpe kitambaa kisicho na gundi.

Kisha mwombe akukabidhi bango la mahali pa kukusanyika. Si unatoka wa kwanza? Basi toka nalo, simama uwanjani, lishike kwa mikono miwili. Ukipitiliza getini na bango hilo, mtaa mzima utakufuata ukidhani ndiko pa kukusanyika, na mkeo hana vikombe vya kutosha.

Majina uyaite wewe, babu. Anza na lako, uliitikie kwa sauti. Huko kwenu yaliitwa ili watu wapungue. Hapo uwanjani yanaitwa ili watimie. Usiondoke mpaka wa mwisho aseme, "Nipo!"

Halafu rudi ndani ukajalidi. Nyumbani ufike saa ya kawaida, bila brashi.