Wote Tuliinua Mukono

Kisangani, 3 Machi 2025

Papa mupenzi,

Jambo kwako na kwa mama. Mugongo unaendelea namna gani? Mimi niko, Mungu anasaidia. Réseau ya simu ya Isangi imekufa tena, donc namupa Sadrack mwenye mashua, baleinière ile, barua hii.

Watu wa enquête, wenye kuulizauliza watu, walikuja kupima kama sisi encadreurs, wenye kufundisha wanafunzi wauguzi hospitalini, tunaridhika na kazi. Directeur akakataa makaratasi yao ya kujibu kwa siri: "Mwenye kuridhika ainue mukono." Na yeye amesimama pale mbele! Nani angeacha mukono chini? Wote tuliinua. Hospitali ikasifiwa sana. Sasa wameniongezea wanafunzi wa shule ingine.

Mutoto wako, Chimène

Isangi, 12 Machi

Chimène mwanangu,

Tunakusalimia wote. Mugongo, ah, ni uzee tu. Hospitali yenye walimu wanafurahi hivyo, ni pale mudogo wako Gracia atazalia! Tumbo limeshuka, miguu imevimba. Sadrack atamupandisha safari yake ingine. Umupokee muzuri.

Papa yako, Constant

Kisangani, 16 Machi

Papa,

Salamu fupi, unisamehe. Usimutume Gracia! Naipa canot rapide, mashua ya mbio, barua hii ili iwahi.

Papa, kufurahi gani? Niliogopa directeur, basi. Maternité nzima, pale wamama wanazalia, encadreur ni mimi peke yangu. Nikiitwa chumba kingine, salle ya wagonjwa wengine, wanafunzi wanabaki na wamama wenye uchungu. Juzi mumoja alichoma mama sindano ya kuongeza uchungu bila kuniuliza, mutoto akatoka kimya. Tulimupumulisha mpaka akalia. Na miguu kuvimba si mambo ya kuchezea! Umupeleke hospitali ya masista wa pale. Jibu mbio, nakuomba.

Chimène wako

Isangi, 18 Machi

Mwanangu,

Barua imefika jioni. Gracia aliondoka asubuhi. Mama yako hali chakula. Alors, mukono ule uliinua wa nini?

Papa yako

Kisangani, 23 Machi

Papa na mama,

Pole kwa wasiwasi. Gracia ni muzima, amezaa mutoto mwanamuke. Tension ya damu ilipanda vibaya, nikakaa naye tu. Waliniita salle ingine, wakaniita tena. Sikwenda, Papa. Kule mwanafunzi alikuwa peke yake na mama mumoja mwenye kutoka Yahuma. Mutoto wake amekufa.

Leo nimemwambia directeur mbele ya wote: mimi siridhiki. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Mama wa Yahuma alikuwa amekaa pale kwenye banc ya mbao, anangoja wamupe mutoto wake akazike.

Mutoto wenu, Chimène