Harufu ya Chumba cha Mama

Jumamosi, Ibra, Omani. Vumbi lililotufungia ndani tangu juzi limetulia, mbingu zimerudi kuwa buluu, na mikono inaniuma mpaka kwenye viwiko. Lakini nimeshinda. Naandika kabla sijaoga, nywele zimejaa chokaa, maana najijua: nikishaoga nitaanza kujisifu na kuyaruka yale ninayostahili kulaumiwa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho niliyopewa. Mdogo wangu Nasoro, anayekaa Nizwa, alinipigia simu wiki iliyopita. "Dada, khalas, imetosha. Mama mwaka mzima anakohoa kwako. Jumamosi baada ya alasiri nakuja kumchukua. Kwangu nyumba mpya, hewa safi." Daktari alikuwa ameshamtazama Mama, akasema mapafu yake hayana ugonjwa mkubwa, tuikague nyumba. Nikamwambia Nasoro anipe mpaka hiyo Jumamosi yake.

Mama mwenyewe hakubisha. Amezaliwa Tabora na amezeekea hapa Ibra, mtaa mzima unamjua, nami nilitazamia aseme hang'oki mtu. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "N'takwenda." Neno lile liliniuma sana. Nilijua amenichoka.

Na dalili nilikuwa nazo. Zamani nikimwamkia shikamoo alikuwa ananivuta nimbusu kichwani. Mwaka huu ananyoosha mkono akiwa mbali, kama mtu anayekupa ufunguo, naubusu mkono, yamekwisha. Barazani anakaa kiti cha mlangoni. Kahawa ya Alhamisi na majirani zake ameiacha, anasema miguu haimchukui. Wajukuu waliokuwa wakigombania kulala kwake, siku hizi anawarudisha vyumbani kwao.

Nikaanza ukaguzi. Mume wangu Saidi alicheka mpaka akakaa chini. "Kuvu? Ibra hii? Hapa mkate unakauka kabla haujafikiria kuvunda!" Nikamjibu kwamba miaka ishirini nafundisha kemia, na kuvu haiulizi mji, inauliza maji. Nikaazima kipima unyevu cha maabara ya shule, nikachukua tochi, na pua yangu mwenyewe, ambayo naiamini kuliko vyote viwili.

Wiki nzima, kila nikirudi kazini, nilikagua. Nilipanda juu kwenye tangi la maji. Nikalala kifudifudi chini ya sinki la jikoni. Bafu la wageni lilikuwa na weusi kidogo pembeni, nikausugua kwa siki ukatoka. Machujio ya viyoyozi yalikuwa yamejaa vumbi, nikayaosha yote. Lakini hakukuwa na kitu cha kumkohoza mtu mwaka mzima.

Chumba cha Mama nilikiacha mwisho. Sababu yangu, na naiandika hapa ili nione haya vizuri, ni kwamba ndicho kinachonukia kuliko vyote. Mama anafukiza udi asubuhi, adhuhuri na jioni. Chetezo chake hakipoi, na udi ule namnunulia mimi, ule mzuri, tena kwa majivuno.

Jana jioni ndipo akili iliponirudia. Mwalimu wa kemia mzima, nitanusa nini ndani ya moshi? Nikamwomba Mama asifukize mpaka nimalize ukaguzi. Sijawahi kumwona hivyo. Alikishika chetezo kwa mikono miwili, macho yakamjaa maji. "Usin'fanyie hivyo, mwanangu. Bila udi mie sikai na watu." Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nikakichukua, nikakipeleka jikoni, na usiku akalala chumba cha wajukuu, kitanda cha pembeni, amejifunika gubigubi.

Leo asubuhi nilifungua mlango wa chumba chake na uvundo ukanipokea.

Ulikuwa uvundo wa nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Nikamwita Saidi, tukalisukuma lile kabati kubwa la nguo. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka kiunoni mwangu, rangi imefura, lipu inamomonyoka ukiigusa. Mgongo wa kabati ulikuwa umeota manyoya ya kijivu. Nikaweka kipima unyevu, sindano ikaruka mpaka mwisho. Saidi hakucheka tena, alikwenda kutafuta barakoa.

Sasa kiri, mwalimu, kiri. Mwaka jana nilikihamisha kiyoyozi cha chumba kile ili upepo usimpige Mama kichwani. Fundi alitaka bomba la kutolea maji lipite nje, lishuke ukutani. Mimi nikakataa, litaharibu sura ya nyumba kwa mbele. Alinionya kwamba bomba likipita ndani ya ukuta, siku likiachia hutajua. Nikamwambia afanye ninavyomwambia. Bomba limeachia, na mwaka mzima maji ya kiyoyozi yamekuwa yakinywewa na ukuta, kimya kimya, nyuma ya nguo za mama yangu. Tena madirisha yake niliyaziba kwa silikoni kote, vumbi la mchangani lisiingie. Vumbi halikuingia, na hewa pia haikutoka. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwangu kilikuwa nyuma ya kabati la nguo.

Tulikuwa tumesimama pale na barakoa zetu Mama alipokuja. Alisita mlangoni kama kawaida yake. Kisha akaingia, polepole, akaenda mpaka ukutani, akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Kumbe ni ukuta?"

"Ni ukuta, Mama. Umeota koga. Bomba limepasuka ndani."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Yarabi. Mie n'lidhani ni mie."

Sikuelewa. Akaniambia uzee una harufu yake, hata mama yake alikuwa nayo mwishoni, basi akajua na yeye zamu yake imefika. Alikuwa anaoga mara tatu kwa siku, anabadili kanga, lakini harufu haitoki, ikamganda mpaka nguoni. Ndipo akaanza kufukiza udi. Ndipo akahamia kiti cha mlangoni, akaacha kahawa ya majirani, akawafukuza wajukuu. Na Nizwa alikubali kwenda kwa sababu nyumba ya Nasoro ina chumba cha peke yake uani, huko asingemkera mtu.

"Watu wastaarabu hawakwambii," alisema. "N'kadhani nyote mnan'stahi."

Nililia mbele ya Saidi na barakoa yangu usoni, nikaharibu barakoa. Mama yeye alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Baada ya hapo nilirudi kuwa mimi. Fundi yule yule nilimpigia simu na kumwomba radhi, akaja kabla ya adhuhuri, na sasa bomba linapita nje, mbele kabisa, baya kweli kweli, na ole wake atakayelisema. Saidi amebambua lipu yote iliyooza. Kabati limetolewa uani, mgongo wake tumeutupa, na nguo zote ziko juani. Mimi nimekata silikoni kwa kisu, dirisha baada ya dirisha. Ukuta utakauka kwa wiki kadhaa kabla hatujaupaka, na mpaka hapo Mama analala chumbani kwangu na Saidi barazani. Udi umepigwa marufuku kwa amri yangu. Kila alfajiri madirisha yatafunguliwa, na vumbi likija nitafagia.

Kikohozi bado kipo, sijidanganyi, na Jumatatu narudi naye kwa daktari nikamweleze tulichokiona.

Nasoro alifika baada ya alasiri, gari ameshaliosha na mto ameuweka kiti cha mbele. Mama alimpokea barazani, kiti cha katikati. "Kunywa kahawa, baba, kisha urudi kwako salama. Mie siendi pahala. Alhamisi nina wageni." Nasoro akanitazama, nami nikamwonyesha ukuta.

Alipoondoka nilikwenda kumwamkia Mama, maana tangu asubuhi kwa shughuli zote zile nilikuwa sijamwamkia. Mwaka mzima nilimwuliza amekula nini na dawa amekunywa. Mbona sikumwuliza hata siku moja kwa nini anakaa mlangoni?

"Shikamoo, Mama."

Mkono ukanyooka kwa mazoea. Kisha akaurudisha, akanishika shingo, akanivuta mpaka kifuani. Alikuwa ananukia sabuni ya kufulia na mafuta ya nazi, basi. Hiyo ndiyo harufu ya Mama. Nilikuwa nimeisahau.