Baba Qing, Sufuria ya Presha Imerudi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Qing, tangu utuachie kiti kitupu mezani, na nyumba bado inajaa watu vilevile. Majong inachezwa, chai inamwagika, Mama Hao wa ghorofa ya chini anaingia bila kubisha. Wewe ulikuwa ukipita katikati ya kelele zote hizo na kikombe chako mkononi, unatabasamu, husemi neno. Ukimya wako uliulisha umbea wa jengo hili miaka mingi.

Ulikuwa mtu mwema. Feni za majirani wote zilipita mikononi mwako, na hukumdai mtu hata sigara. Qing alipopata homa ulimbeba mgongoni hadi zahanati, mvua inanyesha, unamwimbia nyimbo ambazo hukuyajua maneno yake. Ulikuwa fundi wa injini kiwandani, hilo tulilijua. Injini za ndege gani? Hiyo ilikuwa siri ya serikali, na bonde zima la Hanzhong lilikuwa limefundishwa kutouliza.

Lakini kila baridi ikianza kupungua ulifunga mzigo: sweta, soksi nene, na sufuria yangu ya presha! Ile tuliyoipangia foleni, ya kwanza katika jengo letu. Nikauliza ni kazi gani inataka sufuria. Ukajibu, "Kazi tu, Mama Qing. Usisahau kuniwekea mpira wa akiba wa kifuniko."

Mama Hao hakuchelewa. "Dada, mwanamume akiondoka na nguo anasafiri. Akiondoka na sufuria, ana jiko mahali."

"Koma, Mama Hao."

"Nimekoma. Lakini mtazame akirudi."

Tukakutazama. Ulirudi uso umeungua kwa jua, isipokuwa kuzunguka macho, palipobaki peupe kama umepakwa unga. Midomo ilikuwa imepasuka, nawe umeipaka yale mafuta ya wanawake yanayouzwa ndani ya ganda la chaza. Mkobani mlikuwa na skafu nyeupe ya hariri, inanuka siagi.

"Nimepewa," ukasema.

Na nani? Ukanywa chai yako.

Safari ya mwisho ulirudi bila sufuria. Eti umeisahau! Wewe, ambaye hukulala kabla ya kuhesabu bisibisi zako! Nilipika wali kwenye chungu mwezi mzima bila kukusemesha, na ulikula wote, kichwa umekiinamisha.

Siku ya maziko yako, rafiki yako Lei alitutoa kando. Ndege yenu imeshastaafu, imewekwa langoni pa kiwanda na watoto wanapiga picha chini ya bawa lake, kwa hiyo sasa ulimi wake ulikuwa huru.

"Shemeji, tulikuwa tunaunda ndege ya jeshi ya kubeba mizigo, ya kutua viwanja vya juu kabisa milimani kule Qinghai. Kule hewa ni nyepesi. Injini inakohoa, mapangaboi yanazunguka hayapati pa kushika. Kutua tulitua. Kuondoka na mzigo ndiyo ilikuwa shughuli. Baba Qing ndiye aliyezibembeleza injini zile mpaka zikatii."

"Na sufuria?"

"Kule maji yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Bila presha wali unabaki mbichi."

"Wali uliopikwa na nani?"

Lei akasema anaitwa. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Ikafika sikukuu ya kufagia makaburi, tukakuta lako limeshafagiwa. Juu ya jiwe palikuwa na skafu nyeupe na konzi ya unga wa shayiri. Qing akasema labda ni watu wa kiwandani. Watu wa kiwandani huleta pombe, tena wanainywa wenyewe! Ule ulikuwa mkono wa mwanamke.

Basi juzi, tulipokuja kaburini kukutimizia mwaka, Mama Hao alitangulia akakaa getini na mbegu zake za alizeti. Hatujamaliza kuwasha ubani, tukasikia, "Nimemkamata!" Alikuwa mama wa makamo yetu, mashavu mekundu ya upepo, nywele amezisuka mikia miwili, kifurushi kikubwa kifuani.

"Wewe ndiye lile jiko?" Mama Hao akamuuliza.

Mgeni akafungua kifurushi. Sufuria yangu! Mpini umefungwa waya.

"Naitwa Yangzom. Nilikuwa mpishi wa uwanja wa ndege kule juu. Lei alinipa habari za msiba. Baba Qing aliniachia hii kwa ajili ya vijana wa ulinzi. Mafundi walikuwa wanaondoka, vijana wanabaki na wali mbichi tumboni. Sasa wana jiko la kisasa. Nimeirudisha kwa mwenyewe."

"Na skafu?"

"Kwetu ni heshima, hata ile niliyoiacha hapa juu ya jiwe. Siku ndege ilipoondoka na mzigo kamili mara ya kwanza, ikazunguka na kurudi, tuliivika puani. Yeye tukamvika shingoni."

Nikamsogelea. "Mume wangu alikuwa anakuitaje?"

"Mpishi. Jina langu alilijua nani? Lako ndilo walilolijua wote! Kila nikiweka bakuli: Mama Qing angeongeza tangawizi. Mama Qing wali wake haushikani. Mama Qing hivi, Mama Qing vile. Dada, nimekuchukia miaka yote hiyo kabla sijakuona."

Mama Hao alitema ganda la mbegu, akamkaribisha mgeni mbegu zake. Hilo halijawahi kutokea.

Tunapoandika haya, Yangzom amekaa kwenye kiti chako, anacheza majong na anashinda, jambo ambalo nalo lina mashaka. Ninamchungulia kutoka jikoni. Sufuria inapiga filimbi.

Ndege uliificha, hatukulaumu, ilikuwa amri. Lakini wali wangu, Baba Qing, ni nani aliyekuamuru uufiche? Sifa zote ulizipandisha mlimani pamoja na sufuria, huku bondeni ukala umeinama!

Unakumbukwa na mkeo Qu Suzhen. Binti yako Fan Qing na mumewe. Mjukuu wako Doudou, anayeamini ndege ya langoni ni yako peke yako. Rafiki yako Lei. Mama Hao, aliyeomba aandikwe. Na Yangzom, ambaye Qing amesema lazima aandikwe.

Hatutakusahau kamwe. Bakuli lako limepakuliwa, na wali haushikani. Haya, sema.