Kwa Maneno Yako Mwenyewe

Kwa dada yangu mpendwa, bingwa wa cherehani mtarajiwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikikukuta umeinamia mshono basi zikae pembeni zikungoje, maana najua ukikatizwa kazi huwa mkali kama pasi. Hujambo lakini? Na mgongo je? Sisi huku hatujambo, kila mtu kwa kiasi chake. Mama anakusalimu. Mimi mdogo wako nimerefuka hadi ile suruali uliyonipinda nimeifumua pindo lote, na bado vifundo vya miguu vinachungulia. Wasichana wa darasani wananitazama. Wanatazama vifundo, lakini wanatazama.

Dada, nakuandikia nikiwa nimefura. Nimeonewa, tena mchana kweupe, mbele ya watu.

Mwaka huu tumepata mwalimu mpya wa lugha. Tunamwita Mwalimu Nukta, kwa sababu ukisahau nukta mwisho wa sentensi anaitoboa karatasi kwa kalamu nyekundu hadi upande wa pili. Siku ya kwanza alibandika ukutani karatasi kubwa iliyoandikwa Matarajio ya Kusoma na Kuandika. Sentensi ianze kwa herufi kubwa. Usianze sentensi kwa "Basi". Kila mtu asome kitabu kizima, si jalada na ukurasa wa mwisho tu (hapo alinitazama mimi, sijui nani alimpasha habari). Msomee mtu wa nyumbani kwa sauti. Kisha andika ufupisho kwa maneno yako mwenyewe. Asiyetimiza matarajio, akasema, atarudi darasa la chini akakae na watoto wanaong'oka meno.

Basi, mimi nikatimiza. Cheka utakavyo, lakini nilikisoma chote. Ni hadithi ya mzee anayechimba kisima kwenye mwamba, mahali ambapo kila mtu kamwambia hakuna maji, naye anagonga tu mpaka mwezi unamkuta humo shimoni. Nilimsomea Baba karakanani kwake, yeye ameketi juu ya mbao, miguu kwenye maranda. Nikaandika ufupisho wangu. Na kwa kuwa tuliambiwa maneno yetu wenyewe, nikatia yangu mwenyewe hasa, yasiyokuwamo kwenye kamusi ya mtu. Maji nikayaita chururu. Nyundo nikaiita kigota. Mwezi nikauita jua la baridi. Nikaandika kwamba mzee aliupiga mwamba kwa kigota kutwa nzima, jua la baridi likaja kumchungulia, ndipo chururu ikamjibu. Sasa niambie wewe, kosa liko wapi? Hata nukta niliweka. Niliweka na za akiba.

Nikapewa sifuri. Sifuri yenyewe kubwa kama sufuria. Chini yake kaandika: Upuuzi. Haya si maneno. Hakutosheka, akaisoma mbele ya darasa kwa sauti ya puani, darasa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo mimi ni Profesa Chururu. Nikiomba ruhusa ya kwenda chooni wananiuliza kama chururu imenibana. Hata mtoto wa muuza mkaa, ambaye jina lake mwenyewe analiandika kila siku kwa namna mpya, eti naye ananicheka!

Nilisimama nikamuuliza mwalimu, kwa adabu, mikono nyuma, kwamba kama maneno ni yangu mwenyewe, yeye anayajulia wapi hata ayakatae? Akasema mdomo wangu ulizaliwa kabla yangu, na nije na mzazi. Nisipoandika upya, darasa la chini linanisubiri.

Alikwenda Mama, na aproni yake ya kazini. Nilijua leo mwalimu kapatikana. Si unamjua Mama, akipunjwa sokoni mtaa mzima unafunga madirisha! Kumbe pale akawa mpole kama maji ya mtungini. Akasema mtoto huyu ni mtundu tu, atarudia. Njiani alinishika sikio, asilivute, akatembea nalo hivyo hivyo hadi nyumbani.

Nikarudia. Mzee alipiga nyundo, mwezi ulitokea, maji yalipatikana. Maneno ya kila mtu, hata mbuzi angeyaandika. Jana karatasi ilirudi na nane juu ya kumi, na Mwalimu Nukta kaandika chini: Vizuri sana. Sasa umetumia maneno yako mwenyewe.

Dada, nilitaka kuila ile karatasi.

Sasa nikwambie nisichoruhusiwa kukwambia. Maneno yale si yangu. Nimejitapa hapo juu kwa kuwa natamani yangekuwa yangu, lakini ni ya Baba. Ile homa uliyoambiwa imempata haikuwa homa. Ilikuwa kiharusi. Mkono unarudi taratibu, randa anaishika, ila maneno yametawanyika. Anajua anachotaka kusema, neno ndilo halimjui tena. Basi anachonga jingine, kama anavyochonga mguu wa kiti uliovunjika. Siku niliyomsomea kile kitabu, alinisimulia tena chote, mwanzo hadi mwisho, kwa maneno yake, na hakuwa amewahi kumaliza hadithi tangu augue. Hiyo ndiyo niliyoiandika. Hiyo ndiyo iliyosomwa puani.

Mama amekataza usijue hadi umalize mafunzo, maana anajua utaacha sindano kwenye kitambaa uje mbio. Wateja wanaambiwa Baba anaumwa jino. Jino gani hilo lisilong'oka wala kupoa! Nawe ukipiga simu unaambiwa ametoka, kumbe yuko pale pale, ameinamisha kichwa, anakusikiliza. Ndiyo maana Mama hakunitetea. Angenitetea, ingebidi aseme. Mimi nimechoka kunyamaza. Akinichapa, nitasema mwalimu katuhimiza kuandika.

Usirudi, maliza kwanza. Ila ukipiga simu Jumapili, kataa kuongea nami, kataa kuongea na Mama, sema unamtaka Baba. Atachelewa kuanza, mngoje. Atakuita jina usilolijua. Liitikie. Wala usimsahihishe.

Wasalimu wenzako wote wa meza ya kukatia, hata yule mnayegombania naye mkasi.

Ndimi mdogo wako,
mkalimani wa nyumba hii.