Pasi, Darubini na Mikono ya Baba

Nyumbani, ghorofa ya juu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie popote zitakapokukuta, wodini kazini au nyumbani umeinua miguu juu ya stuli. U hali gani? Mgongo umepoa? Shemeji naye bado anakoroma, au ameacha kwa kuwaonea majirani huruma? Sisi hatujambo. Mama mzima, na ulimi wake ndio mzima zaidi. Baba nitamfikia, maana barua hii ni yake hasa.

Darubini uliyotutumia ilifika salama, isipokuwa ule uzito wa kuisawazisha kwenye stendi, ambao umebaki huko njiani, Mungu anajua kwa nani. Bila huo, darubini inainamisha mdomo kama mtoto aliyekaripiwa. Basi nikaning'iniza pasi yangu mbovu kwa mkanda wa suruali, na sasa inasimama sawasawa. Mteja mmoja aliyefuata gauni lake aliitazama, akanitazama na mimi, akahesabu vifungo vya gauni upya.

Unajua hali ya Baba tangu mikono ianze kumtetemeka. Meza yake ya kutengenezea saa aliifunika kitambaa, wateja akawaelekeza kwingine, na mikono akaitia mifukoni mwa koti. Haitoi hata akiletewa chai mbele ya wageni, husema ameshakunywa. Iliniuma, dada, kuliko ninavyoweza kueleza. Nilipokuomba darubini nilisema ni yangu, lakini nilichotaka ni kitu chenye skrubu kiingie humu ndani, nione kama ataweza kukiacha.

Akakiacha. Wiki nzima alikaa kwenye kiti chake pale roshanini akitazama ninavyohangaika.

Na nilihangaika kweli. Mwezi ukiuangalia kwa jicho ndani ya darubini unapendeza hadi unasahau kupumua. Ukifunga simu kwenye darubini na kuibonyeza, unapata uji. Nilifuta lenzi, nikalaumu upepo, nikailaumu simu. Mama akaniuliza kwa nini napiga picha mayai yaliyopasuka. Tena mwezi wenyewe hautulii; ukizubaa kidogo umeshatoka kwenye kioo, inabidi uufuate kwa kuzungusha kirungu kidogo kilichoko ubavuni mwa stendi.

Juzi Ijumaa, giza ndiyo kwanza linaingia, nikampelekea Baba picha nyingine ya uji. Aliitazama sana, kisha akacheka kile kicheko chake cha puani tulichokuwa tumeanza kukisahau.

"Kumbe na wewe unatetemeka," akasema.

Nikamwambia mikono hii inatunga uzi sindanoni bila miwani. Akanijibu kwamba kila mkono unatetemeka, ila watu hawauangalii kwa lenzi. Yeye ameuangalia wake maisha yote. Ndiyo maana hakupima saa hata siku moja ikiwa mkononi. Aliilaza kwenye kitambaa, akaiachia itulie, ndipo akaisikiliza.

"Na hiyo simu iachie," akasema. "Iambie ipige ukishaondoa mkono."

Nikatafuta kwenye simu, nikapata: unabonyeza, unatoa mkono, yenyewe inahesabu sekunde kumi ndipo inapiga. Nikanyoosha kidole, halafu nikajizuia. Nikamwambia abonyeze yeye.

"Nitakuharibia."

"Haribu, Baba. Una sekunde kumi za kuharibu."

Mama alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Mkono wa kulia ukatoka mfukoni. Ulipogusa simu, mwezi wote ukacheza kwenye kioo kama maji ndani ya ndoo. Akautoa mkono. Mwezi ukaendelea kucheza, ukapunguza, ukatulia tuli. Simu ikapiga.

Dada, mashimo ya mwezi yalionekana moja moja, na kivuli ndani ya kila shimo. Nilimkumbatia huku nalia kwa furaha, naye akaniambia niangalie nisiigonge stendi.

Tangu hapo mimi ni mpagazi tu. Nabeba, nafunga pasi, nasogea pembeni. Kirungu anazungusha yeye, anaachia, anasubiri, anapiga. Jana aliniambia nashika vitu kwa pupa. Mama analalamika kwamba chakula kinapoa, kisha anakileta roshanini mwenyewe.

Picha nimeitia humu kwenye bahasha. Msalimie sana shemeji, na wale mapacha wako waambie mjomba wao anawasubiri likizo. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mola akulinde katika zamu zako zote, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi kitindamimba, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,
Fundi Cherehani.

Baba amenyoosha mkono, anataka kalamu. Namwachia nafasi.

Mwanangu, mwandiko huu mbovu ni wangu. Na picha ni yangu. Baba.