Kicheko Kilichobaki Jikoni

Mwaka umekatika, Baba, tangu uvue miwani yako mara ya mwisho na kuiweka juu ya kile kitabu. Ilikuwa haikusaidii tena, lakini ulikataa kuonekana bila hiyo. Ulisema fundi miwani asiye na miwani ataonekana tapeli. Bado ipo palepale, kando ya kitanda. Mama huipangusa kila asubuhi na kuirudisha ilivyokuwa.

Tunakikumbuka chumba chako cha kazi: mashine ya kusagia lenzi na kelele zake, droo za fremu, kile kiti kilicholegea mguu ambacho kila mwaka uliahidi kukikaza. Mafundi wenzako waliwapima wateja kwa ubao wa herufi. Ubao hata wewe ulikuwa nao, ila mwisho wa yote, miwani ikishakaa puani, ulimpa mteja kitabu cha Mzee. Hivyo ndivyo ulivyomwita yule mwandishi wa zamani, aliyefariki kabla hujazaliwa, ambaye rafiki zake walikusanya maneno yake ya kuchekesha, aliyoyasema mezani na aliyoyaandika kwenye barua. "Soma hapo," ulimwambia mteja. Naye akasoma: "Niliamua kuacha uvivu, nikachoka kabla sijamaliza kuamua." Akicheka, ulimpa kasha la miwani aende zake. Asipocheka, ulimrudisha kitini umpime upya.

Pembeni mwa ukurasa ukaandika kwa penseli. "Mshona viatu, alicheka hadi akakohoa." "Mwalimu wa hesabu, alicheka kesho yake, akarudi kuniarifu." Mtaa wetu wote umo mle.

Nyumbani ulikisoma kwa uchoyo. Maneno mawili baada ya chakula, basi. Unafunga kitabu, unafumba macho, na tunaona mabega yanatikisika. Mama alikuuliza kwa nini usisome hata kurasa tatu ukamaliza. "Pipi haimezwi, mama watoto," ulimjibu. "Inamumunywa." Ulikuwa umekisoma zaidi ya mara ishirini, na bado ulikishika kwa hofu ya kufika mwisho.

Aliyekupa kazi kumchekesha ni mwanao wa pili, mfamasia wetu. Utotoni alikuwa wa kwanza kucheka, mara nyingi kabla hujamaliza kusoma. Kisha ikaja siku aliyokuja kukuambia kuwa uchumba wake umevunjika. Ulikuwa unakaza skrubu ya fremu. Alisimama mlangoni na mkoba begani, hata hakuutua. Wewe, kwa kukosa la kusema, ukakimbilia kwa Mzee: "Uchumba ukivunjika, wa kupewa pole ni fundi cherehani aliyekwisha kata kitambaa cha harusi." Ulidhani unamfariji. Yeye aliona umemtonesha kidonda. Akaapa moyoni kwamba kitabu kile hakitamchekesha tena maishani mwake.

Miaka tisa, Baba. Alikuja kukuona, alikuletea dawa, alikupikia chai, adabu hakukukosea. Lakini ukimsomea, jino halionekani. Ukampachika jina la Hakimu, na pembeni mwa maneno uliyoyaamini kuliko yote ukaandika, "Hakimu, bado." Tumezihesabu hizo bado. Ni sitini na mbili.

Macho yalipokuishia, ulimtaka yeye akusomee. Kaka yake, dereva wa lori, alijitolea, na sauti yake unaijua ilivyo nzuri. "Namtaka Hakimu," ulisema. Akawa anakuja Jumamosi asubuhi kabla ya zamu yake, anakusomea ukurasa mmoja kwa sauti ileile anayoelezea wagonjwa vidonge vya asubuhi na vya jioni. Ulikaa umeinamisha kichwa. Maneno ulikwisha kuyahifadhi. Sasa anajua kwamba ulikuwa unasikiliza pumzi yake.

Jumamosi moja alisoma: "Nina shangazi ambaye hajawahi kukosea hata siku moja. Tunamtembelea kwa zamu." Akamkumbuka dada yako mkubwa. Halafu, kabla hajajizuia, akajikumbuka mwenyewe. "Ngoja nitazame birika," alisema, akakimbilia jikoni, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo na kucheka mpaka akashikilia sinki asianguke. Birika lilikuwa halijabandikwa hata motoni. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Na hiyo nayo?" ulimwuliza.

"Ya kawaida tu, Baba."

"Haya. Mama yako ataandika."

Alikusudia kukuambia. Alijiambia, Jumamosi ijayo. Ilipofika, kule duka la dawa walikosa mtu, hakuja. Ya pili yake alikuja akakukuta umelala, akaona vibaya kukuamsha. Alikaa dakika kumi ukingoni mwa kitanda, akaenda kazini. Ya tatu tulikuwa tunakuzika.

Mwaka mzima hakukigusa kitabu. Kaburini hakuja tena tangu siku ile, na sisi hatukumwuliza sababu. Wiki iliyopita Mama alimwekea kitabu mapajani, kikiwa wazi kwenye ukurasa ule. Alijikaza kuisoma bado ya sitini na tatu. Akakuta mwandiko wa Mama: "Hakimu, amecheka. Jikoni."

"Mama, kumbe ulijua?"

"Nilikuwa naanika nguo chini ya dirisha, mwanangu. Ungecheka polepole kidogo."

"Na Baba je?"

"Nilimwambia siku ileile. Alifurahi, akanishika mkono hauachii. Akasema nisikwambie kwamba anajua, nikuache uje umwambie mwenyewe." Mama akaongeza: "Kila siku alikuwa ananiuliza kama kesho ni Jumamosi."

Hakimu alikwenda kwenye chumba chako cha kazi, akakaa kwenye kile kiti kibovu, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Ametuomba tuandike hapa maneno yake, kwa kuwa hajui pengine pa kuyasemea: Baba, ile ya shangazi ilinichekesha. Na ile ya fundi wa kitambaa ilianza kunichekesha mwaka wa pili tu, peke yangu, nikiwa kazini. Nilikunyima. Ningekupa lini kama si pale, ulipokuwa umekaa mbele yangu? Nisamehe.

Wanaokukumbuka ni mkeo, anayeandika kitabuni sasa, mwanao mkubwa aliye dereva, Hakimu wako, kitinda mimba wako aliye muuguzi, wakwe na wajukuu, dada yako mkubwa, ambaye hajaona kosa lolote katika tangazo hili la kumbukumbu, pamoja na wote wanaosoma haya kwa miwani uliyoisaga wewe. Hatutakusahau, Baba, hata tukijaribiwa na miaka.

Jumamosi hii asubuhi, saa yake ileile ya kusoma, Hakimu atakuja kaburini na kitabu, akusomee na acheke pale pale ulipo. Shangazi tutaendelea kumtembelea kwa zamu. Kwako tunakuja wote.