Upande wa Pili wa Msumeno

Mikindani,
6 Juni, 1971

Kaka yangu Thabiti,

Barua yako kutoka Tanga imenifikia. Sisi wazima, na uvimbe wa mguu wa mama umeanza kunywea. Mikorosho yetu nayo imechanua.

Unataka niuze vifaa vya marehemu baba, maana mwanamke kuwa seremala ni aibu, na unauliza nani kanitia wazimu huu. Ni wewe, kaka. Ulipoondoka, baba alibaki na ule msumeno mkubwa wa kuvutwa na watu wawili. Nikashika upande wako kwa siku moja tu, apate kupasua mbao za kitanda cha Bi Mwanaidi. Akaniambia, "Usisukume, mwanangu. Vuta, kisha niachie na mimi nivute." Siku hiyo moja ikawa miaka sita.

Jambo moja halikuwemo kwenye simu ya msiba. Asubuhi ile wanaume walikuja kutaka mbao za kumfunikia baba kaburini, na hapakuwa na fundi mwingine. Nilizipima, nikazikata, nikazipiga randa mpaka zikawa laini, ingawa shehe alisema udongo haujali. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kaka, unajua. Nilisimama mlangoni, nikazitazama zinavyokwenda naye.

Kwa hiyo vifaa siuzi, uniwie radhi. Ukipata likizo, njoo. Siku hizi mimi nashika upande wa baba. Wako uko wazi.

Mdogo wako,
Somoe